Plagi za hita: Kosa dogo linaloweza kuua injini ya dizeli

NI saa kumi na moja alfajiri katika eneo la Kieni, Nyeri. Ukungu umefunika shamba, mitungi ya maziwa imekwisha kupakiwa kwenye pikapu na mwenye gari anazungusha ufunguo. Starta inalia, moshi mweupe unatoka nyuma, lakini injini haishiki. Anajaribu mara ya pili, ya tatu na ya nne, hadi betri inaanza kuishiwa na nguvu.

Hali hii si ngeni kwa wamiliki wa magari ya dizeli katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina, Nyeri na Othaya hadi Naro Moru, Nanyuki, Timau na Meru. Kila msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti unapowadia, lawama huelekezwa kwa plagi za hita, vijiti vidogo vya chuma ambavyo madereva wengi huviita tu hita plagi.

Kwa kuwa plagi hizo ni za bei nafuu zikilinganishwa na vipuri vingine vya injini, na kwa kuwa huonekana rahisi kubadilishwa, wengi huchukua spana na kuifanya kazi hiyo wenyewe uani. Mara nyingi hapo ndipo matatizo ya kweli huanza. Plagi inayokatikia ndani ya injini hugeuza kazi ya saa moja kuwa kazi ya siku kadhaa, na gharama ya kijiti kimoja kuwa gharama ya kufungua kichwa kizima cha injini. Wakati huo wote maziwa hayafiki sokoni na matatu haibebi abiria.

Makala haya yanaeleza jinsi plagi hizo zinavyofanya kazi, makosa yanayofanywa mara kwa mara na wanaojirekebishia, na hatua za kufuata ili gari lisiharibike zaidi.

Plagi ya hita ni nini?

Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya umeme. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mnamo 1897, haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Katika injini nyingi za magari, hewa hubanwa hadi ikabaki sehemu moja kati ya 15 au hata 22 ya ujazo wake wa awali.

Tatizo hutokea injini inapokuwa baridi. Kuta za silinda hunyonya joto la hewa iliyobanwa kabla dizeli haijapata kuwaka. Plagi ya hita, ambayo ncha yake imejitokeza ndani ya chemba ya kuunguzia mafuta, hujaza pengo hilo. Umeme wa betri hupita ndani yake na ncha hiyo huwa nyekundu kwa joto linaloweza kupita nyuzi 850 za Selsiasi.

Kwa kawaida kila silinda huwa na plagi yake. Hivyo basi, gari lenye silinda nne huwa na plagi nne. Katika magari ya zamani sana, plagi ziliunganishwa kwa mfuatano kama shanga kwenye uzi, na moja ikiungua zote zilizimika. Katika magari ya baadaye kila plagi hupokea umeme wake kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma kinachoziunganisha vichwani. Moja ikifa, nyingine huendelea kufanya kazi, na dereva huenda asijue lolote hadi ya pili au ya tatu nayo ife.

Mbona eneo la Mlima Kenya?

Mji wa Nyeri uko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Nanyuki unakaribia mita 1,950. Katika msimu wa baridi, asubuhi za sehemu nyingi za nyanda hizi hushuhudia joto likishuka chini ya nyuzi 10.

Baridi si kikwazo cha pekee. Katika mwinuko huo, kani ya hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Hewa hiyo nyepesi inapobanwa hupoteza joto lake upesi kwenye kuta baridi za silinda, na dizeli huchelewa kuwaka.

Ndiyo maana gari lililotumika ng'ambo na kuingizwa nchini kupitia bandari ya Mombasa huweza kuwaka vizuri huko pwani hata kama plagi zake mbili zimekufa. Likifika Nanyuki na kulala nje usiku mmoja, ubovu uliokuwa umejificha hujitokeza. Mnunuzi hudhani ameuziwa injini mbovu, ilhali huenda shida ni plagi tu.

Hakikisha kwanza kwamba plagi ndizo mbovu

Kosa linalotangulia mengine yote ni kufungua plagi bila kupima. Ishara za plagi mbovu zinajulikana. Gari huwa gumu kuwaka asubuhi pekee, linapowaka hutetemeka kwa dakika moja hivi huku likitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, kisha hutulia. Adhuhuri, injini ikiwa bado na joto, huwaka bila taabu.

Iwapo gari ni gumu kuwaka hata likiwa na joto, plagi huenda hazina hatia. Sababu nyingine ni betri dhaifu, vichwa vya betri vilivyoota kutu, starta iliyochoka, hewa inayopenya kwenye mipira ya dizeli, nozeli zinazodondosha mafuta au silinda zilizolika.

Aidha, taa ya manjano yenye umbo la waya uliojikunja kwenye dashibodi isiaminiwe kupita kiasi. Katika magari mengi ya zamani, taa hiyo hufuata saa ya kuhesabu sekunde tu. Huwaka na kuzimika kama kawaida hata kama plagi zote nne zimeungua.

Njia ya kuaminika ni kupima kwa mita ya umeme. Zima gari, ondoa waya hasi wa betri, kisha fungua kipande cha chuma kinachounganisha vichwa vya plagi. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha plagi na nyingine kwenye chuma cha injini. Plagi nzima ya kawaida ya volti 12 huonyesha ukinzani mdogo, takriban kati ya ohmu 0.5 na 2. Iliyoungua haionyeshi njia ya umeme kabisa.

Wengi hupima bila kukifungua kipande hicho cha chuma. Hilo ni kosa, kwani plagi zote bado zimeshikana na iliyo nzima huificha iliyokufa. Mmiliki hupata jibu la uongo, huacha plagi na kwenda kununua betri mpya asiyoihitaji.

Kosa la kutumia nguvu

Plagi ya hita huishi miaka mingi ndani ya moto, masizi na unyevu. Meno yake hushikana na chuma cha kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Nayo masizi huganda kuizunguka ncha yake kama saruji. Anayeifungua asubuhi injini ikiwa baridi, kwa spana ndefu na mkono wenye hasira, huikata.

Vipimo vyenyewe vinaonyesha jinsi pengo lilivyo jembamba. Plagi yenye kipenyo cha milimita 10 hukazwa kwa takriban nyutoni mita 15 tu, na inapofunguliwa huweza kukatika kani ikipita takriban 35. Ile ya milimita 8, inayopatikana katika injini nyingi za kisasa, hukazwa kwa takriban 10 na huweza kukatika baada ya 20. Mtu mzima anayevuta spana ndefu hupita viwango hivyo bila hata kuhisi.

Kukaza kupita kiasi nako kuna hasara. Plagi iliyokazwa mno hujibana, kifuko chake cha chuma hupinda na nafasi ndogo inayoizunguka ncha huziba. Plagi mpya huungua mapema, na siku ya kufunguliwa hukataa kutoka.

Kosa la volti

Si plagi zote zenye umbo sawa hutumia umeme sawa. Volti yake huandikwa kwenye mwili wa plagi au kwenye kifurushi, na nambari hiyo ina uzito kuliko kufanana kwa umbo.

Magari mengi madogo hutumia plagi za volti 11 au 12. Hata hivyo, baadhi ya magari ya Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1980 yalikuwa na mtambo wa kupasha joto haraka uliotumia plagi za volti 6. Mtambo huo huzipa plagi umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha huupunguza. Lori nyingi ndogo za aina ya Canter nazo zina umeme wa volti 24, na plagi zake hutengenezwa kwa volti hiyo.

Katika injini za kisasa, plagi huweza kuwa za volti 7, 5 au chini ya hapo, na kompyuta ya gari ndiyo huzigawia umeme kwa vipimo. Ukiijaribu plagi ya namna hiyo moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, kama wengi wafanyavyo ili kuona ikiwa inakuwa nyekundu, utaiunguza kwa sekunde chache. Utakuwa umeua plagi nzima kwa kuipima.

Plagi inayopewa umeme mwingi kuliko uwezo wake huvimba nchani. Ncha iliyovimba haitoki tena kupitia tundu lake, na huweza kukatika na kuangukia ndani ya silinda. Kipande hicho cha chuma kikigongwa na pistoni kwa mamia ya mizunguko kila dakika, pistoni, vali na silinda hedi huharibika kwa pamoja.

Swichi ya kubonyeza

Rilei au kidhibiti cha plagi kinapokufa, wapo wanaofunga swichi ya kubonyeza kwa kidole ndani ya gari. Mbinu hii imesaidia magari mengi ya zamani, lakini inapofanywa kiholela ni hatari.

Hatari ya kwanza ni moto. Plagi nne kwa pamoja huweza kuvuta ampea 40 hadi 60, na zaidi katika sekunde za mwanzo. Watengenezaji huulinda mkondo huo kwa fyuzi kubwa, mara nyingi za ampea 50 hadi 80, na waya nene. Anayetumia waya mwembamba wa nyumbani, bila fyuzi na bila rilei, huuyeyusha mpira wa waya huo nyuma ya dashibodi. Gari huweza kuteketea likiwa kwenye maegesho.

Hatari ya pili ni kidole chenyewe. Dereva aliyechelewa hubonyeza kwa nusu dakika au zaidi akidhani kwamba joto likizidi ndipo injini itakaposhika upesi. Plagi za kasi huhitaji sekunde chache tu. Zikizidishiwa muda huungua zote kwa siku moja. Swichi ikikwama, hali huwa mbaya zaidi.

Dawa ya kupuliza na petroli

Baadhi ya madereva hupuliza dawa ya kuwashia yenye etha kwenye njia ya hewa, au huweka hapo kitambaa kilicholoweshwa petroli. Katika gari lenye plagi za hita, jambo hili lisifanywe kamwe.

Mvuke wa etha huwaka wenyewe katika joto la takriban nyuzi 160 hadi 180. Ukikutana na ncha yenye nyuzi 850, huwaka kabla pistoni haijafika juu. Mlipuko huo huisukuma pistoni kinyume na mwendo wake, na huweza kuvunja ringi, kupinda fimbo ya pistoni au kurudisha moto hadi kwenye uso wa aliyeinama chini ya boneti.

Kutotafuta chanzo

Plagi zote zikiungua kwa wakati mmoja, zina jambo zinalosema. Mara nyingi rilei imekwama na umeme haukatiki, au alternata inatoa volti nyingi kupita kiasi. Ikiwa ni plagi moja tu inayokufa kila baada ya miezi michache, na daima ni ya silinda ile ile, ichunguzwe nozeli ya silinda hiyo. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza huweza kuchoma na kula ncha ya plagi.

Kubadilisha plagi bila kurekebisha chanzo ni kutwanga maji kwenye kinu. Mwenye gari hulaumu plagi kuwa bandia, hununua nyingine, na hizo nazo huungua.

Utaratibu salama

Ikiwa umepima na kuthibitisha kwamba plagi ni mbovu, na bado ungependa kuifanya kazi hii mwenyewe, zingatia yafuatayo.

Kwanza, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye shina la kila plagi usiku wa kuamkia siku ya kazi. Rudia mara mbili au tatu. Safisha pia uchafu na mchanga unaozunguka shina hilo ili usidondokee ndani.

Pili, endesha gari hadi injini ipate joto lake la kawaida, kisha izime na uanze kazi ikiwa bado na joto. Chuma cha kichwa cha injini hutanuka kwa joto na hulegeza mshiko wake. Jikinge mikono na uondoe waya hasi wa betri.

Tatu, tumia soketi ndefu inayoshika sawasawa na spana fupi. Fungua kidogo, rudisha kidogo, kisha fungua tena. Ukihisi plagi inapinda kama mpira badala ya kuzunguka, acha papo hapo. Hiyo ndiyo dalili ya mwisho kabla ya kukatika.

Nne, baada ya kutoa plagi, safisha masizi kwenye tundu kwa kifaa maalumu cha kipenyo chake, si kwa msumari wala bisibisi. Linganisha plagi mpya na ya zamani kwa urefu, meno, umbo la kiti chake na volti. Iliyo ndefu kuliko inayotakiwa hugongwa na pistoni.

Tano, anza kuifunga plagi mpya kwa vidole hadi ikae, kisha ikaze kwa spana yenye kipimo cha kani, ambayo mafundi huiita toki renchi, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Usipake grisi kwenye ncha. Plagi yenye ncha ya kauri ikianguka sakafuni isitumiwe, hata kama huoni ufa, kwani ncha hiyo huweza kuvunjikia ndani ya silinda.

Wakati plagi ziko nje, ni nafasi nzuri ya kumwomba fundi apime mgandamizo wa silinda kupitia matundu hayo. Injini nyingi zenye afya hutoa zaidi ya bar 25. Silinda iliyoshuka chini ya bar 20 itaendelea kusumbua asubuhi hata ukinunua plagi za bei ghali zaidi.

Ikikatika ufanyeje?

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yaliyobaki mtungini yanaweza kuokolewa. Plagi ikikatika, usiendelee na nyingine na usiwashe injini. Kipande kilichobaki huweza kurushwa nje kwa kishindo na mgandamizo wa silinda, au kuanguka ndani.

Usijaribu kukitoboa kwa drili ya mkono. Drili isiyo na kielekezi huhama kutoka kwenye chuma kigumu cha plagi na kukila chuma laini cha kichwa cha injini, na vumbi lake huingia silindani. Kuna vifaa maalumu vyenye vielekezi vinavyoweza kukitoa kipande hicho bila kufungua silinda hedi. Tafuta fundi aliye navyo, hata kama itabidi gari livutwe hadi mji mwingine.

Njia ya mwisho ni kufungua silinda hedi. Kazi hiyo huhitaji gasketi mpya, ukaguzi wa usawa wa uso wake na, kwa injini nyingi, bolti mpya. Fundi asiyetaja mambo hayo matatu anapokupa bei, mwulize.

Kuchagua fundi na vipuri

Eneo la Mlima Kenya lina mafundi wengi wa jua kali wenye ujuzi wa miaka mingi. Wapo pia waliofuzu majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA. Cheti ni jambo jema, lakini maswali mawili husaidia zaidi: je, ana spana ya kupimia kani? Je, atazipima plagi kabla ya kuzifungua? Anayejibu kwamba mkono wake unajua, aachiwe kazi nyingine.

Kuhusu vipuri, bidhaa ghushi ni tatizo lililofanya Kenya itunge sheria maalumu ya kukabiliana nazo mnamo 2008. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, nenda dukani na plagi ya zamani pamoja na nambari ya injini, na ukatae plagi isiyoandikwa volti yake.

Iwapo hali yako hairuhusu kununua zote kwa pamoja, badilisha zilizokufa na uziache nzima mahali pake. Plagi inayofanya kazi lakini imeshikana ni afadhali ibaki ilipo kuliko ikatikie humo kwa sababu ya kutaka zote zifanane.

Yote haya yanarudi kwa mwenye pikapu wa alfajiri ile. Betri iliyojaa, plagi zilizopimwa kabla ya Juni na subira ya sekunde chache kabla ya kuzungusha ufunguo huweza kumfikisha sokoni kwa wakati. Nayo asubuhi ambayo gari limekataa na maziwa yanasubiri ndiyo asubuhi mbaya kuliko zote ya kushika spana. Aombe gari la jirani lipeleke maziwa, kisha arudi kwenye injini jua likiwa limechomoza na hasira zimepoa.